Nafaka Iliyoloa na Gari la Marehemu Baba



 Ndugu na dada zangu, likizo iliyopita nilikuwa na kazi moja: kuuza gari la marehemu baba. Hukumu za biashara nilikuwa nimezisoma darasani, nikazijibu kwenye mtihani na kupata maksi nzuri. Kumbe sikuwa nimezielewa.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya zamani, ambayo baba alikuwa akibebea abiria kati ya Koboko na Arua. Alipofariki liliwekwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu Koboko, likakaa hapo miaka miwili. Nani angeliangalia? Mimi niko chuo, wadogo zangu wanne wako shule, mama haendeshi. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Panya walitafuna nyaya. Kinyesi cha ndege kilikula rangi ya boneti, na vumbi letu jekundu, mnalijua, likaingia mpaka nyuma ya kioo cha dashibodi. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, akaniambia, "Mwanangu, ukiliuza hivi utapewa bei ya chuma chakavu. Lipeleke Arua likasafishwe, watu walione."

Nikalipeleka kwa betri ya kuazima. Kutoka Koboko hadi Arua ni lami tupu, kama kilomita 55, safari ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Mimi nilitumia saa tatu na nusu, kwa sababu kila baada ya mwendo mfupi gari lilichemka nikasimama kuongeza maji. Makonda wa magari ya abiria walinicheka wakipita. Baba angenicheka pia.

Vijana wa kuosha magari pale mjini wanaijua kazi yao, na nataka niwape haki yao. Waling'oa viti vyote wakavisugua kwa brashi na sabuni, wakavianika juani kutwa nzima mpaka harufu ya kuku ikaisha. Walipuliza vumbi kwa pampu ya upepo kwenye kila tundu. Taa za mbele zilikuwa zimekuwa za manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Wakazisugua kwa msasa laini na maji, kisha polishi, zikarudi kuwa vioo. Boneti nayo ikang'arishwa mpaka nikauona uso wangu. Jioni ya siku ya pili nilisimama pembeni nikafuta machozi. Lilikuwa gari la baba tena.

Hapo hakuna kosa lolote. Dini yetu haimkatazi mtu kuosha anachouza. Uchafu ulioondolewa umeondoka kweli, na anayenunua anapata kitu safi kweli.

Tatizo lilikuwa chini ya zulia. Zulia lilipotolewa, upande wa dereva sakafu ilikuwa na matundu mawili ya kutu. Ukichungulia unaiona ardhi. Halafu kuna ile kuchemka: gasketi ya hedi ilikuwa imekwisha. Fundi aliyeliangalia, mzee mpole ambaye huwezi kumdhania vibaya, akaniita pembeni.

"Shehe," akasema, nadhani kwa ajili ya kofia yangu, "hayo matundu tunabandika bati jembamba, pati juu, rangi nyeusi, zulia jipya. Injini tunaimwagia oili nzito, moshi unatulia. Taa ya joto tunaikata. Kilomita zinasoma laki tatu na ushee. Tutazishusha ziwe elfu tisini na kitu. Mteja atalijaribu hapa mjini, aende Muni arudi, halitachemka. Likimchemkia Maracha, si lako tena."

Alitaka shilingi 150,000 kwa yote hayo. Nikampigia baba mdogo, na maneno yake ndiyo yaliyonitikisa. "Mwanangu, hii si mali yako uifanyie ukarimu. Ni mali ya mayatima. Ukiipunguzia bei umewadhulumu wadogo zako." Akaongeza kwamba karo yangu nayo imo humo humo. Nilikuwa nadaiwa 1,900,000 kabla ya mitihani, na mlango wa chumba cha mtihani hauna huruma.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba nilikataa pale pale. Nilimwambia fundi anisubiri hadi asubuhi, na usiku ule nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu.

Baada ya swala ya Isha nikaikumbuka ile hadithi ambayo kila mmoja wetu anaijua, aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Yule mtu akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyoloa juu watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Sisi hukimbilia mwisho wa hadithi. Mimi usiku ule nilisimama kwenye mvua. Yule mfanyabiashara hakusema uongo hata kidogo! Mvua ilinyesha kweli, na si yeye aliyeileta. Wala Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa kuloa kwa nafaka, wala hakumwambia asiiuze. Alimuuliza juu ya kitu kimoja, mpangilio: kwa nini kavu iwe juu na mbichi iwe chini. Miaka miwili ya chini ya mwembe ilikuwa mvua yetu. Kifo cha baba kilikuwa mvua. Hakuna atakayeniuliza kwa nini sakafu ilitoboka. Nitaulizwa kuhusu zulia.

Na kama mtu atasema zulia halisemi uongo kwa sababu halina mdomo, basi amfikirie yule mnyama ambaye mwenyewe huacha kumkamua siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi amdhanie ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza hilo, na akampa aliyenunua hiari akishamkamua: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Muuzaji hapo hajafungua kinywa. Kiwele kimesema kwa niaba yake.

Nilibaki na swali la mayatima, maana hilo si dogo. Sote tunajua Qur'ani ilivyotisha juu ya mali yao. Baada ya Alfajiri nikampigia ustadhi mmoja wa chuoni kwetu. Hakunihutubia. Aliniuliza, "Wadogo zako wamerithi nini?" Nikasema gari. "Gari zima au bovu?" Nikasema bovu. "Basi haki yao ni bei ya gari bovu, na hiyo usiipunguze hata shilingi. Bei ya gari zima hawakuachiwa na mtu. Ukiichukua, umeichukua mfukoni mwa mnunuzi ukawalisha nayo."

Nikamjaribu: je, nikisema tu "nauza kama lilivyo," bila maelezo? Akanikumbusha kisa kilichomo katika Muwatta wa Imam Malik. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kwamba kuna ugonjwa ambao hakuambiwa, shauri likafika kwa Uthman (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kuwa aliuza bila kujua ugonjwa wowote. Ibn Umar hakukubali kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa akapona, akamuuza kwa dirham 1,500. Hilo la mwisho ustadhi alilitaja haraka, kama mtu asiyetaka nilitegemee.

(Wale mnaouza simu na kompyuta kwenye makundi yetu ya WhatsApp kila mwisho wa muhula, mkiandika "iko kama ilivyo, hakuna marudio" huku mnajua betri haifikishi saa moja, msome kisa hicho mara mbili.)

Asubuhi nilimlipa fundi kwa kuliangalia gari, nikamshukuru. Akatikisa kichwa. Nikachukua karatasi nikaandika: gasketi ya hedi mbovu, linachemka safari ndefu, sakafu upande wa dereva ina matundu mawili, kilomita ni hizo zinazosomeka, nyaya za taa za nyuma zimeunganishwa upya baada ya kuliwa na panya. Zulia sikulirudisha.

Mteja wa kwanza alikuwa ametaja 8,500,000 kabla ya kuisoma. Alipoimaliza akaniangalia kama ninayeumwa, akaenda zake. Siku tano hakuja mtu. Wa pili alitoka Koboko, mfanyabiashara wa mboga anayepeleka mzigo hadi mpakani Oraba. Aliisoma, akalala chini ya gari nusu saa, tukabishana sana, akalipa 6,600,000. Karatasi akaikunja akaitia kwenye droo ya dashibodi, akasema atampa fundi wake aanzie hapo.

Tulianza na deni la baba la shilingi milioni moja kwenye duka la vipuri. Katika 5,600,000 zilizobaki, mama alipata thumuni yake, 700,000. Dada zangu watatu, 700,000 kila mmoja. Mdogo wangu wa kiume na mimi, 1,400,000 kila mmoja. Mtihani mmoja ulinipita, nitaufanya mwakani inshallah. Baba mdogo alisimamia mgao mpaka mwisho, akatia sahihi, ila hajaniambia kama amenisamehe.

Mumuombee baba yangu rehema.