Je, Ni Aibu Kuhama Mji wa Mali?

Katika mitaa ya Uvira, Baraka na Bukavu kuna jamaa nyingi zenye mtoto mmoja au wawili walio Marekani. Wengi wao walikimbia vita, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, kisha wakapelekwa ng'ambo ya bahari. Mji wao wa kwanza huko kwa kawaida hawakuuchagua wenyewe, walipangiwa. Lakini baada ya miaka michache wengine huanza kuhama kwa shauri lao. Na hapo ndipo magomvi huzaliwa kati yao na sisi tuliobaki nyumbani.

Tuweke mfano. Kijana wa Uvira amepelekwa Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas. Mji una joto kama la kwetu ziwani, una kazi, una jina. Anakaa huko miaka mitano na mke wake na watoto wao. Siku moja anapiga simu: "Mama, tunahamia Buffalo, kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Huko nyumba ni za bei nafuu." Mama anauliza: "Na kitu gani kingine kiko huko?" Kijana anajibu: "Baridi." Waliokaa karibu na simu wanacheka, kisha wanakasirika. Mjomba anasema: "Watu wote huenda penye pesa, huyu anazipa pesa mgongo. Amerudi nyuma."

Neno hilo, "amerudi nyuma", ndilo twataka kulitazama leo kwa utulivu. Je, mtu atokaye katika mji unaopanda na kwenda katika mji ulioshuka, ameshuka pamoja nao?

Kwanza yafaa tuijue miji yenyewe, maana hukumu ya mtu asiyejua mambo ni matusi tu.

Austin ni mji uliokua upesi sana. Mwaka 2000 watu wake walihesabiwa karibu 657,000. Mwaka 2020 walikuwa karibu 962,000. Kampani ya mashini za kompyuta iitwayo Dell ilizaliwa huko mwaka 1984, na baadaye zikaja nyingine nyingi. Mwaka 2022 Tesla ilifungua huko kiwanda kikubwa cha magari. Wenye elimu na mishahara minono walifika kwa maelfu, na kila mmoja alitaka nyumba. Basi bei zikaruka. Mwaka 2022 nyumba ya kadiri, katika mji na vitongoji vyake, iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000. Baadaye nyumba mpya nyingi zilijengwa, na kuanzia mwaka 2023 kodi za kupanga zikaanza kupungua. Hata hivyo, watu wengi wa kazi ndogo walikuwa wamekwisha kusukumwa mbali. Anayefagia ofisi halali karibu na ofisi. Anayepika hotelini haishi katika mtaa wa hoteli. Na joto nalo si la mchezo: mwaka 2023 joto lilifika karibu digrii 38 au zaidi kwa siku 45 mfululizo.

Buffalo una historia nyingine. Mji huu uko mwisho wa ziwa Erie, upande wa mashariki. Mwaka 1825 ulifunguliwa mfereji uliounganisha maziwa makubwa na mto Hudson, na Buffalo ukawa mlango wa ngano nyingi iliyotoka bara. Baadaye vikaja viwanda vya chuma. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu 580,000. Kisha, mwaka 1959, ikafunguliwa njia mpya ya meli kwa mto Saint Lawrence, na meli za ngano hazikuhitaji tena kusimama hapo. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem Steel, huko Lackawanna kando ya mji, kiliwahi kuwa na wafanyakazi karibu 20,000. Mwaka 1983 sehemu yake kubwa ilifungwa. Watu wakaondoka. Mwaka 2010 walibaki 261,000 tu. Nyumba nzuri za mbao zilisimama tupu, madirisha yamevunjika, mvua ikiingia. Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi.

Na baridi? Wasomaji wetu wa Beni na Mutwanga wameona kwa macho theluji iliyo juu ya Ruwenzori. Buffalo theluji hiyo haikai kileleni. Yaanguka barabarani na juu ya mapaa. Upepo wa baridi hupita juu ya ziwa ambalo bado lina joto kidogo, huchukua unyevu wake, na kuumwaga juu ya mji kama theluji. Ziwa likiganda, theluji hupungua. Kwa mwaka mmoja huanguka kadiri ya meta mbili na nusu, ukijumlisha yote.

Sasa tumsikilize mjomba, kwa maana maneno yake si ya upuuzi. Asema hivi: Kwanza, baridi huua. Ni kweli: katika tufani ya theluji ya Desemba 1922? La, si zamani hivyo. Ni Desemba 2022, juzi tu, walipokufa Buffalo na kandokando yake watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari yao, wengine katika nyumba zisizo na moto. Pili, bei nafuu ina udanganyifu wake. Texas haitozi kodi juu ya mshahara wa mtu, lakini jimbo la New York, lenye mji wa Buffalo, hutoza. Na tena kuna gesi ya kupasha nyumba joto miezi mingi ya mwaka, makoti, viatu vizito, gari linaloliwa na chumvi imwagwayo barabarani. Tatu, mji uliokufa kazi zake hauwezi kumlipa mtu kama mji wenye kazi nyingi. Nne, na hili ndilo lililo moyoni mwake ingawa halisemi kwa sauti: nani atalipa karo za watoto huku nyumbani?

Mambo hayo manne ni ya kweli, na kijana asiyeyahesabu kabla ya kufunga mizigo ni mpumbavu. Lakini mjomba amehesabu upande mmoja wa daftari. Tuhesabu na wa pili.

Huko Austin kijana huyu alikuwa na kazi mbili. Mchana alipakia mizigo, usiku alisafisha ofisi. Mke wake naye alifanya kazi, kwa zamu nyingine. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko alivyowahi kuota, lakini ulipita mikononi mwake kama maji katika kikapu: sehemu kubwa kwa mwenye nyumba, sehemu kwa gari, maana alikaa mbali na kazi zake zote mbili. Aliporudi, watoto walikuwa wamelala. Alipoamka, walikuwa wamekwenda shuleni. Walimjua baba yao kwa viatu vyake mlangoni. Kiswahili kilikuwa kinawatoka, maana hapakuwa na mtu wa kukisema nao. Je, mtu huyu alikuwa tajiri? Wahenga wetu walikwisha jibu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tuliona mlango tu, yaani jina la mji na pesa za kila mwezi. Hatukuingia ndani.

Katika mji wa bei nafuu, kazi moja yaweza kulipa nyumba. Basi kile anachonunua kijana kwa kuvumilia baridi si nyumba tu. Ananunua saa za jioni. Ananunua chakula kinacholiwa na watu wote pamoja mezani. Vitu hivyo haviandikwi katika hesabu ya benki, lakini tukiulizwa siku ya kufa kwetu tulikosa nini, hatutasema tulikosa joto.

Tena twapaswa kukumbuka jambo la Februari 2021. Baridi kali isiyo ya kawaida ilishuka mpaka Texas, jimbo la joto pamoja na yote. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu, na jimbo hilo lilihesabu wafu zaidi ya 200. Nyumba zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya jua. Basi hatari haikai mji mmoja peke yake. Mahali pote mtu huokolewa na mambo mawili: kujiandaa, na kuwa na jirani anayejua jina lake.

Juu ya jirani, yafaa tuseme zaidi. Huko Buffalo sheria ya mji yataka kila mwenye nyumba asafishe theluji katika njia ya miguu mbele ya mlango wake. Lakini bibi mzee wa nyumba ya pili hawezi kushika sepetu. Sheria haimwambii kijana wetu amsafishie. Ni moyo wake utakaomwambia, saa kumi na mbili asubuhi, vidole vikiuma kwa baridi. Hapo ndipo tutajua kama amehama kweli, au amebadili anwani tu.

Na hapa twageuka kwa kijana mwenyewe, maana tumemtetea mpaka sasa, na hatutaki avimbe kichwa. Kuhamia mji wa bei nafuu si wema kwa peke yake. Kuna njia mbaya ya kuhama.

Mtu aweza kuja na akiba zake za mji wa mali, akanunua nyumba tatu kwa bei ya moja, akawapandishia kodi watu waliovumilia miaka yote ya shida. Huko Buffalo bei za nyumba zimepanda sana tangu mwaka 2020, na wanaoumia ni wapangaji maskini wasio na mahali pengine pa kukimbilia. Mtu aliyefukuzwa na kodi ya Austin, akifika Buffalo akamfukuza mwingine kwa kodi, hakukimbia moto, ameubeba kwapani. Vilevile mtu aweza kupewa saa za jioni na kuzitupa katika simu na pombe. Basi amelipa bei ya baridi bure.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Na twajua kwamba kupona huko kwawezekana, maana katika mtaa wa West Side wa Buffalo wakimbizi wa Burma, Somalia, Bhutan na Kongo waliingia katika nyumba zilizoachwa, wakaziba mapaa, wakafungua maduka madogo. Mwaka 2020 hesabu ya watu wa mji ilipanda mpaka 278,000. Ilikuwa mara ya kwanza kupanda tangu mwaka 1950. Wageni hao walikuwa miongoni mwa waliouongeza mji. Walipata nafuu, nao wakaleta nafuu.

Swali hili ni la zamani kuliko Marekani. Katika kitabu cha Mwanzo, Abrahamu alimwachia Loti achague nchi. Loti alichagua bonde la Yordani kwa sababu lilikuwa na maji tele. Hakukosa kwa kuwatakia mifugo wake maji. Alikosa kwa kuwa aliyatazama maji, asiulize atakaa na watu gani. Abrahamu alibaki na milima, wala hatusomi kwamba alirudi nyuma.

Na kwetu Kongo je? Leo vijana wa kila jimbo wanakwenda Kolwezi kwa ajili ya kobalti na shaba. Wengine wanapata, wengi wanalipa chumba kwa dola na kurudi na kikohozi. Zamani watu walikwenda Manono vilevile, kwa ajili ya bati. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani kote, na mji ukanyamaza. Mji wa mali huazima watu. Siku mali ikiisha, huwarudisha bila kuwauliza. Basi anayeondoka kabla ya kurudishwa, tena kwa akili yake mwenyewe, tusimcheke upesi.

Hatusemi kwamba watu wote waondoke Austin, wala Kolwezi. Yuko ambaye kazi yake ya kweli iko huko; yuko anayemtunza mzee huko; huyo akae, na joto lake limfae. Twasema tu kwamba kipimo chetu kilikuwa kibovu. Tulipima mtu kwa mji wake, kama watu wapimao mahindi kwa rangi ya gunia.

Basi, ninyi wazazi na wajomba, simu ikilia kutoka Buffalo, msianze na swali la pesa. Mwulizeni kwanza: "Watoto wamekula pamoja nawe jana? Nani jirani yako? Umemsaidia?" Kisha, kama kuna karo inayodaiwa, mwambieni wazi, bila kumwaibisha, naye atoe awezacho bila kudanganya. Nawe kijana, waambie wazazi ukweli wa mshahara wako na ukweli wa baridi yako. Ndugu wengi hugombana si kwa sababu ya umaskini, ila kwa sababu kila upande umefichwa hesabu ya mwenzake.

Na mjomba akiuliza tena kama mtoto wetu amerudi nyuma, tumjibu: twende tukaone saa ya chakula cha jioni. Kama baba yuko mezani, na mlangoni pa bibi wa jirani theluji imekwisha kuondolewa, mtoto wetu hakurudi nyuma. Amefika.