Tukapumzike Kando ya Ziwa



Wapo miongoni mwetu hapa Mwanza wanaodhani kwamba Mkristo anayetoka ibadani na kuwapeleka watoto ziwani anapoteza muda. Na tusome Marko 6:30-32. Mitume walirudi wamechoka, na Bwana wetu hakuwaongezea kazi. Alipanda nao mashua, wakatafute mahali pa kupumzika.

Nasi tumejaliwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mawe yake yaliyobebana tunayaona kila siku, hata tumeacha kuyastaajabia. Kisiwa cha Saanane, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, ni mwendo mfupi tu kwa mashua. Huko watoto wataona swala na pimbi. Tuwafundishe majina ya ndege, kisha wamshukuru aliyewaumba.

Lakini zawadi hupokelewa kwa adabu. Hatujawasahau mamia waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kumtumaini Mungu si kumjaribu. Mtoto asiachwe peke yake majini. Mashuani kila mtu avae jaketi okozi. Chombo kilichojaa kupita kiasi tusikipande, hata kama tumechelewa. Anayemzuia jirani yake asipande, huyo amempenda. Wala tusiache chupa na mifuko ufukweni, kwani maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Bwana aliyeituliza dhoruba atujalie furaha pamoja na busara. Amina.