Kijana wa Shoto na Bunduki ya Bei Nafuu

Mjukuu wangu, juzi ulinikuta nimekaa nje ya nyumba hapa Jericho, Eastlands ya Nairobi, ukaniuliza swali ambalo sikulitegemea: mtu wa shoto, asiye na pesa nyingi, aanze na bunduki gani ya kuwindia? Ulinijia mimi kwa kuwa unajua nilianza kuwabebea wawindaji bunduki mwaka 1969. Nilikujibu kwa ukali, ukaondoka umenuna. Leo nakujibu inavyostahili, na wenzako wa Umoja, Kayole na Dandora nao wasikie, maana najua swali hili si lako peke yako.

Mimi pia ni wa shoto. Shuleni nilichapwa vidole hadi nikaandika kwa mkono wa kulia, lakini panga, jembe na bunduki vilibaki kushoto. Bunduki nyingi za kuwindia ni za komeo, kile chuma unachovuta na kusukuma ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Komeo limewekwa upande wa kulia. Mtu wa kulia akishafyatua, mkono uleule unalivuta na kitako hakitoki begani. Wewe wa shoto shavu lako liko upande wa kulia wa kitako, palepale maganda yanaporukia. Ukitaka risasi ya pili, ama uuvushe mkono wa kushoto juu ya bunduki, ama uachilie ule wa kulia unaoutegemeza mtutu. Kwa vyovyote bunduki itayumba na mnyama atakupotea machoni. Na ganda likipasuka ndani, moto na vipande vinatokea upande wa uso wako.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Mgeni mmoja wa shoto alikuja na bunduki ya kuazima, komeo kulia. Risasi yake ya kwanza ilimpata nyati nyuma ya bega, chini mno. Akaishusha bunduki ili avute komeo. Hakuchukua muda mrefu, labda kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, lakini alipoinua tena macho, nyati alikuwa ameingia kichakani. Tulimfuata kwa damu zaidi ya saa mbili, hatua kwa hatua, kila mmoja akisikia pumzi zake mwenyewe. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii tu, huzunguka akangoja kwenye njia yake. Tulimmaliza akiwa mita chache kutoka kwa mfuatiliaji wetu, mtu mwenye watoto sita. Usiku ule sikula.

Kwa hiyo ungekuwa katika nchi wanakowinda kihalali, ningekuambia: anza na jicho kabla ya mkono. Nyoosha mikono yote miwili, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala, na wapo watu wa shoto wanaotawaliwa na jicho la kulia. Hao wajifunze kulenga kulia tangu siku ya kwanza. Aliye shoto wa jicho na mkono atafute bunduki yenye komeo la kushoto. Savage na Ruger wamezitengeneza, tena si za matajiri tu. Akikosa, ile ya kukunjuka katikati inayobeba risasi moja, au ya wenzo wa chini ya kitako, haibagui sana mkono. Na asinunue bunduki kabla ya kuiweka begani.

Hayo ni ya kweli, na hapa Eastlands hayakusaidii kitu.

Mei 1977 serikali ya Mzee Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji Kenya nzima. Leseni zilifutwa, kampuni zikafunga, nasi tuliobeba bunduki na kusoma nyayo tukarudi nyumbani na mabegi yetu. Niliumia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijui kazi nyingine. Lakini sikuwahi kusema kwamba marufuku ile ilikosea, maana nilikuwa nimeona mizoga ya tembo iliyokatwa nyuso. Mwaka 1973 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 167,000. Kufika 1989 walibaki kama 16,000. Tuliacha kuwinda sisi wenye leseni, majangili wakaendelea. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliongeza makali, na kuua swara kwa ajili ya kitoweo ni kosa vilevile. Basi bunduki ya kuwindia utawinda nayo nini, mjukuu wangu, na wapi?

Ndiyo maana neno lako la "bei nafuu" lilinitisha. Bunduki halali nchini mwetu hupitia kwa bodi ya leseni za silaha. Unachunguzwa wewe, mwenendo wako, sababu yako na mahali utakapoifungia. Mwishoni mwa 2018 hata waliokuwa na vibali tayari waliamriwa wajitokeze wakaguliwe upya. Njia hiyo si ya haraka wala si ya bei rahisi. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza pale stejini kwamba anayo moja, bei ya pikipiki iliyotumika, jiulize kwa nini anaiuza.

Nitakuambia kwa nini. Bunduki ina kumbukumbu. Nilizobeba miaka ile nilizijua kwa kuzipapasa tu gizani: hii kitako kimelika kwa jasho la fulani, ile komeo linakwama mwishoni. Kumbukumbu hiyo iko hata ndani ya chuma. Pini ya kufyatulia huacha alama yake kwenye kila ganda, mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye kila risasi, na wachunguzi wa polisi huzilinganisha kwa darubini. Aliyeua nayo mwaka juzi ameshaiuza, nawe umeshika alama zake. Utasema uliinunua jana, uwinde kanga. Nani atakuamini?

Na huenda usipewe nafasi ya kusema. Mnajua nyinyi kuliko mimi majina ya vijana waliopigwa risasi wakiwa wameinua mikono, na bonoko, ile bunduki ya bandia, ikawekwa kando ya mwili. Mathare Social Justice Centre ilitoa ripoti juu ya mauaji ya namna hiyo mwaka 2017. Ikiwa bunduki ya bandia iliyowekwa na mkono wa mwingine inatosha kumfanya marehemu aitwe jambazi, ya kweli iliyo chini ya godoro lako itakufanyaje? Mama yako atasimama wapi kukutetea?

Sikukatazi kupenda shabaha. Mimi mwenyewe naipenda hadi leo. Ukitaka kuishi na wanyama na silaha pamoja, nafasi za askari wa KWS, shirika la wanyamapori, zikitangazwa nenda ukakimbie na wenzako. Wanafunzwa Manyani, na watakufunza wewe na mkono wako wa kushoto. Ukipata kazi halali na umri ukakomaa, omba kibali, ukapige shabaha kwenye uwanja wenye msimamizi. Na siku ukienda kwa mjomba wako Marekani, soma kwanza sheria za jimbo lake na za visa yako, halafu nipigie simu, nikuchagulie komeo.

Kama hadi sasa umeonyeshwa picha tu ya bunduki ya kununua, ifute. Usiende kuitazama bunduki yenyewe, usiishike, usipige nayo picha hata ya mzaha. Na kama tayari iko ndani ya nyumba, usiihamishe usiku kwa mwenzako. Njoo kwangu mikono mitupu, hata saa nane za usiku, ugonge mlango. Tutamwita wakili na mchungaji, tutakwenda nao kituoni mchana watu wakituona, na mimi nitatangulia mbele.