Nani Aombe Radhi: Mwenye Amri au Mwenye Mkono?

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuucheza mchezo wa kriketi, ingawa katika miji yetu mikubwa, hasa penye jamaa za Kihindi, huonekana uwanjani siku za Jumapili. Si neno. Jambo tutakalo kulitazama laweza kufahamiwa na mtu asiyejua hata sheria moja ya mchezo huo, maana latokea pia jikoni, ofisini na kiwandani: mkubwa akitoa amri mbaya, na mdogo akaitimiza, lawama ni ya nani?

Mwaka 1932 timu ya Uingereza ilisafiri kwa meli kwenda Australia kucheza mechi 5 za Testi, yaani zile mechi za taifa kwa taifa zichukuazo siku kadhaa. Waingereza walikuwa na kidonda moyoni. Miaka miwili kabla ya hapo kijana mmoja Mwaustralia, Don Bradman, aliwajia kwao akawapiga mikimbio 974 katika mechi 5. Basi nahodha wao mpya, Douglas Jardine, mtu wa Oxford na mwanasheria, akatafuta dawa. Mrushaji aurushe mpira, nao ni mgumu karibu kama jiwe, kwa kasi yake yote, udunde chini na kuruka kuelekea mbavu au kichwa cha mpigaji. Na wadakaji wengi wapangwe karibu naye upande ule ule. Mpigaji akijikinga kwa gongo lake, mpira hudakwa naye hutoka. Asipojikinga, humpiga mwilini. Kofia za kukinga kichwa hazikuwapo siku zile. Wala sheria ya mchezo haikukataza neno hilo, na Jardine, kwa kuwa ni mwanasheria, alilijua vema.

Mwezi wa Januari 1933, mjini Adelaide, watu zaidi ya 50,000 walishuhudia mpira wa Harold Larwood ukimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, juu ya moyo. Woodfull aliyumba na kuliangusha gongo. Jardine akamsifu Larwood kwa sauti ya kusikika. Na Larwood alipoanza tena zamu yake, wadakaji wakapangwa kwa ule mtindo wa kumzingira mpigaji. Jioni ile Woodfull alimwambia msimamizi wa Waingereza kwamba timu zilikuwa mbili uwanjani, lakini moja tu ndiyo iliyocheza kriketi. Siku ya tatu yake, Bert Oldfield alipigwa kichwani na fuvu likapata ufa. Wakuu wa mchezo wa Australia wakapeleka simu London kwa klabu ya MCC, iliyoituma timu ile, wakisema kwamba huo si mwenendo wa kimichezo. MCC ikajibu kwa ukali, ikimtetea nahodha wake na kusema kwamba wenyeji wakitaka, safari na ikatizwe. Haikukatizwa. Uingereza ilishinda mechi 4 kwa 1, na Larwood peke yake aliwatoa wapigaji 33.

Huyu Larwood alikuwa nani? Mtoto wa wachimba makaa ya mawe wa Nottinghamshire, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 14. Kriketi ilimtoa chini ya ardhi, naye alicheza kwa mshahara. Katika timu ile ile alikuwamo Gubby Allen, mrushaji wa mbio kama yeye, ila mwungwana achezaye bila ujira. Allen alimwambia Jardine waziwazi kwamba hatarusha namna ile. Hakufukuzwa; alicheza mechi zote 5. Nawab wa Pataudi, mtoto wa watawala wa Kihindi, naye alikataa kusimama miongoni mwa wadakaji wale, na baada ya mechi ya pili hakupangwa tena, ingawa katika ile ya kwanza alikuwa amepata mikimbio 102.

Kwa hiyo kukataa kuliwezekana. Twakubali. Lakini yafaa tuulize pia bei ya kukataa kwa kila mmoja. Allen angalirudi kwa jamaa zake na kazi yake mjini London. Larwood angalirudi mgodini. Katika mechi ya mwisho, mjini Sydney, mfupa wa mguu wake ulivunjika, na Jardine hakumruhusu kutoka uwanjani mpaka Bradman ametoka. Mtu anayeamriwa hivyo hata mguu umevunjika, amri ya kurusha mpira angaliikataaje?

Wako watakaosema: mjumbe hauawi. Sisi twaona methali hiyo haimwokoi Larwood kabisa. Mjumbe hubeba maneno, hakubeba jiwe. Mkono uliorusha ulikuwa wake, na aliona kwa macho yake mpira ulikokwenda. Dhamiri ya mchimba makaa ni dhamiri kamili, wala haikodishwi pamoja na mkono. Oldfield alipoanguka, Larwood alimwendea papo hapo akamwambia kwamba amesikitika. Na Oldfield, muungwana kweli kweli, akajibu kwamba kosa ni lake mwenyewe. Hapo radhi iliombwa mahali pake: aliyeumiza kwa aliyeumia.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1933 MCC ilimpa tena Jardine unahodha dhidi ya West Indies, na mwisho wa mwaka ule ikamtuma kuongoza timu yake India. (Tuseme haki: West Indies walipomrushia yeye mipira kama ile, hakulalamika, alipata mikimbio 127.) Kisha, Waaustralia walipokaribia kuja Uingereza mwaka 1934, neno likamfikia Larwood kwa njia ya tajiri mmoja mfadhili wa klabu yake: aombe radhi, tena awaombe MCC wenyewe! Wale waliomchagua nahodha, wakamtetea kwa simu na kuupokea ushindi, sasa wamtaka mtu wa mshahara anyenyekee mbele yao ili wao watoke safi. Larwood alikataa, wala hakuichezea Uingereza tena.

Twasema alifanya vema kukataa, ingawa twamhesabia sehemu yake ya kosa. Radhi ya namna ile haikumponya mtu aliyeumia. Ni karani aliyeambiwa na bwana wake aandike hesabu za uongo, na mkaguzi anapokuja, bwana ndiye aketiye kiti cha hakimu. Ni dereva aliyeamriwa ajaze watu kupita kiasi, na basi lipindukapo mwenye basi ni wa kwanza kulaani uzembe wa madereva. Karani na dereva wana la kujibu, naam. Lakini si kwa hao.

MCC iliukataza mtindo ule mwezi wa Novemba 1934. Mwaka 1950 Larwood, pamoja na mke wake na binti zao watano, alihamia Australia. Aliyemsaidia ni Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji waliosimama mbele ya mipira yake kule Adelaide. Alikaa Sydney hadi alipofariki mwaka 1995, mwenye miaka 90. Radhi ile waliyoitaka hakuiomba kamwe.