Ndoo Kichwani mwa Mwenye Duka

Waliocheza Skyrim wanaijua hila hii. Unaingia dukani mjini Whiterun mchana kweupe, unaokota ndoo tupu, unamvika mwenye duka kichwani, halafu unazikomba rafu moja baada ya nyingine. Mwenye duka anabaki amesimama vilevile. Gemu hupima kama macho yake yanaweza kukuona, na ndoo imeyaziba. Kwa hesabu yake hakuna shahidi, na pasipo shahidi hakuna kosa la kuandikwa. Gemu ilipotoka mwaka 2011, hila hiyo ilienea miongoni mwa wachezaji duniani kote.

Kijana wa kisa hiki aliimudu vizuri. Alikuwa na kibanda cha simu mjini Migori, hatua chache kutoka stendi ya matatu: kava, chaja, spika ndogo, na meza ya fundi yenye bisibisi na kioo cha kukuzia. Jioni wateja wakipungua, alifungua laptopu ya mtumba akaingia Skyrim. Kisa chenyewe nimekiunga ili kifunze, ndiyo maana kijana hana jina. Lakini sheria zilizomfika ni za kweli, na kibanda cha namna ile utakikuta katika miji mingi kuanzia Isebania hadi Oyugis.

Sisemi gemu ndiyo iliyomharibu. Wanaocheza ni wengi na hawaibi hata sindano. Ila gemu ilimpa picha ya mali ya wizi iliyo nyepesi mno, naye akaibeba picha hiyo hadi mezani pake bila kuikagua.

Katika Skyrim, ukielekeza macho kwenye kitu cha mwenyewe, maandishi yake yanakuwa mekundu. Ukikichukua, kinaingia mkobani kikiwa na alama kwamba kimeibwa. Wauzaji wa kawaida hawakigusi. Itakubidi ukipeleke kwa mpokeaji wa mali ya wizi, mathalan Tonilia, anayekaa na Chama cha Wezi chini ya mji wa Riften. Au ungoje ustadi wako wa kuzungumza ukue hadi ufungue kipaji kinachowafanya wafanyabiashara uliowekeza kwao wapokee chochote bila swali. Askari wakikutia mbaroni, vitu vyenye alama vinachukuliwa. Lakini ukiiba mawe ya madini ukayayeyusha, kipande kinachotoka tanuruni ni safi, hakina alama hata chembe. Dawa uliyoichanganya kwa majani ya wizi nayo ni safi. Na sarafu za dhahabu hazina alama tangu unapozinyakua.

Gemu nyingine za aina hiyo zilikuwa na taratibu zao. Katika Morrowind ya mwaka 2002, muuzaji uliyemwibia hukumbuka aina ya kitu kilichopotea. Mpelekee kisu cha aina ileile, hata kama hiki ulikinunua kwa haki, atakuita mwizi; lakini jirani yake atakinunua akichekelea. Oblivion ya mwaka 2006 iliwaachia wapokeaji wa Chama cha Wezi peke yao kazi ya kununua vitu vya wizi. Katika Kingdom Come: Deliverance, iliyotoka mwaka 2018, alama hufifia yenyewe siku zikipita, basi mchezaji huficha mzigo sandukuni na kusubiri.

Taratibu hizo zinatofautiana, lakini zote zimekubaliana kwamba hatia hukaa juu ya kitu. Ukipata njia ya kukisugua kitu, na wewe umetakata.

Jumamosi moja jioni, mwenye bodaboda asiyemfahamu alisimama mbele ya kibanda bila kuzima pikipiki.

“Omera, shika hii. Nipe elfu nne tu, mafuta yameniishia na abiria ananingoja.”

“Chaja yake iko wapi?”

“Imebaki nyumbani.”

“Na risiti?”

“Risiti ya nini tena? Si ni simu yangu?”

Ilikuwa simu ambayo dukani isingepungua shilingi 20,000. Ilikuwa imefungwa, na yule aliyeiita yake hakuomba hata nafasi ya kuifungua ili atoe namba za watu wake. Kwenye skrini palikuwa na picha ya wasichana wawili waliovaa sare za shule. Kijana aliiona. Alihesabu noti nne za elfu moja moja, akampa, pikipiki ikaondoka. Kisha akaketi, akaifuta simu yote, akaikwepa kufuli ya akaunti kwa programu aliyokuwa nayo, picha ya wasichana ikatoweka. Moyoni alijiona ameshaipitisha tanuruni.

Simu ilikuwa ya mama mmoja anayechukua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Homa Bay na kuzisambaza Rongo na Migori. Iliporwa Alhamisi, watu wakisukumana mlangoni mwa matatu Rongo. Ndani yake mlikuwa na orodha ya waliochukua omena kwa mkopo, namba za wenye boti, na hesabu za chama ambacho yeye ndiye mweka hazina wake. Hapa ndipo ninapoona gemu inadanganya zaidi kuliko mahali pengine popote. Duka la Skyrim ulilolikomba hujazwa upya baada ya muda. Mwenye duka anakuuzia tena kama kawaida, na hakuna mtoto wake aliyekosa karo. Mama huyu alikaa wiki tatu akizunguka kwa miguu kuwauliza wateja wake nani anadaiwa nini, na baadhi yao wakataja nusu.

Alifanya jambo moja ambalo ningependa kila mtu alifanye: alikuwa ameliweka boksi la simu. Ubavuni mwa boksi pana kibandiko chenye namba ya IMEI, tarakimu 15. Alikwenda nalo kituo cha polisi, tukio likaandikwa kwenye kitabu cha matukio, akapewa namba ya OB. Namba ya kibandiko ndiyo ileile unayoiona ukibonyeza *#06#. Kuifuta simu hakuigusi. Kadi ukibadilisha, namba iko palepale, na mtandao huisoma simu inapojiunga nao. Wakenya wanakumbuka jinsi mwaka 2012 simu bandia zinazokaribia milioni 1.9 zilivyozimwa kwa mpigo kwa kutumia namba hizohizo. Kuna mafundi wanaojua kuibadilisha namba yenyewe, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya imelifanya hilo kuwa kosa linalosimama peke yake, hata kabla ya kuuliza simu ni ya nani.

Kijana aliiuza simu Jumatatu kwa mwalimu mmoja wa Awendo kwa shilingi 14,000. Mwalimu alilipa kwa M-Pesa, akatia kadi yake, akaenda zake. Wapelelezi walipopata amri ya mahakama na kampuni ya simu ikajibu, walimfikia mwalimu kwanza. Naye hakuwa na la kuficha. Aliwaonyesha ujumbe wa M-Pesa: jina la kijana, kiasi, tarehe, saa. Safari kutoka kwa mwalimu hadi kibandani haikuchukua hata nusu siku.

Pale kibandani ndipo mnyororo ulipokatika. Kijana alilipa taslimu. Hakuuliza jina, hakuandika namba ya kitambulisho, hakuitazama hata namba ya pikipiki. Yale maswali aliyoyameza siku ile ili asijue, sasa ndiyo aliyoulizwa, naye hakuwa na jibu hata moja.

Sheria ya Adhabu, kifungu cha 322, inasema juu ya mtu anayepokea au kuweka mali ya wizi kwa hila akijua, *au akiwa na sababu ya kuamini*, kwamba ni ya wizi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowanasa wenye vibanda. Si lazima mtu akuambie simu imeibwa. Bei ya chini kupita kiasi, muuzaji usiyemfahamu, simu iliyofungwa na haraka isiyo na maelezo ni mambo ambayo hakimu huyaweka pamoja na kuuliza: mtu mwenye akili timamu angeamini nini? Adhabu inafika hadi miaka 14. Wizi wa kawaida, usio na jambo la kuuongezea uzito, chini ya kifungu cha 275 una kikomo cha miaka 3. Wengi wakisikia hivyo wanadhani sheria imepinda. Mimi naona imenyooka. Mporaji wa Rongo hakuihitaji ile simu; alihitaji 4,000. Pasingekuwa na meza ya kumpa 4,000 bila maswali, angerudi nyumbani na kipande cha kioo kilichofungwa.

Tena kuna kanuni ya mahakama kuhusu kupatikana na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama ya Rufaa imeeleza yanayohitaji kuthibitishwa: kwamba mali ilipatikana kwa mshtakiwa, kwamba ni ya mlalamikaji bila shaka, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa karibuni. Neno karibuni hupimwa kwa kutazama kitu chenyewe, kinahama mkono kwa urahisi kiasi gani. Yakithibitishwa, unatakiwa uieleze mahakama uliipataje. Kutoka Alhamisi hadi Jumamosi ni muda mfupi hata kwa simu. Na usipokuwa na maelezo yanayoaminika, mahakama inaweza kukuona wewe ndiwe mwizi mwenyewe.

Mwalimu, aliyelipa bei nzuri kwa moyo safi, naye aliondoka mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kifungu cha 23, inashika msimamo kwamba anayenunua kwa asiye mwenye mali hapati haki kubwa kuliko ya aliyemuuzia. Na mporaji hakuwa na haki yoyote ya kumpa kijana, wala kijana ya kumpa mwalimu. Katika Skyrim, kitu kikishanunuliwa na mpokeaji kinakuwa chake, na ukikinunua tena kwake ni chako halali. Kwetu simu ingepita mikono 20, kila mmoja akilipa, na mama wa omena angebaki kuwa mwenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa pikipiki. Wapo wanaodhani pikipiki ikivushwa Isebania hadi Sirare, ikabandikwa namba nyingine, imezaliwa upya Tanzania. Namba ya chasisi na ya injini zimegongwa kwenye chuma, na zimeandikwa kwenye logibuku. Ng'ombe wa Kuria naye anayo alama ya moto au mkato wa sikio, na mwenyewe humjua hata kwa madoa. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara mnadani hutaka barua ya chifu na kibali cha daktari wa mifugo kabla ya kutoa pesa, maana kwa wizi wa mifugo pia kikomo ni miaka 14.

Dhahabu ya Nyatike ndiyo inayonisumbua. Yenyewe kweli inafanana na tanuru la Skyrim. Mawe yaliyoibwa shimoni usiku huko Macalder yakishasagwa, yakaoshwa na zebaki na kuchomwa, kinachobaki ni tone la njano lisilo na alama ya shimo wala mwenyewe. Hapo hakuna kibandiko cha kusoma. Kinachoweza kumlinda mchimbaji ni watu: mlinzi wa shimo, daftari la magunia yaliyotoka, na mnunuzi mwenye leseni inayotakiwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayeandika alinunua kwa nani na lini. Mnunuzi akiacha kuandika, wizi wa shimoni unakuwa biashara kama biashara nyingine. Sijaona mahali penye ushahidi wazi kuliko hapo kwamba mali hulindwa na anayenunua.

Kijana alishtakiwa Migori. Mwalimu alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na kabla ya kesi kusikizwa kijana alikuwa amemrudishia 14,000 zake, akauza laptopu kutimiza. Hilo halikufuta shtaka. Wakili alimweleza kwamba laweza kupunguza ukali wa adhabu akipatikana na hatia, basi. Simu yenyewe ilikaa kwa polisi kama kielelezo, na mama wa omena alilazimika kuomba mahakama imruhusu kuichukua kabla kesi haijaisha.

Kwa mwenye kibanda, kinga si kazi kubwa. Andika jina na namba ya kitambulisho cha anayekuuzia, bonyeza *#06# mbele yake na uandike tarakimu zote, mwambie aifungue simu mwenyewe na aondoe akaunti yake kwa mkono wake, lipa kwa M-Pesa ili njia ibaki. Asiyeweza kuifungua, mrudishie. Akikasirika, mwache akasirike.

Na kama tayari unacho kitu unachokitilia shaka, usikifute, usikiuze, usikifungue vipuri. Nenda nacho kituoni pamoja na mtu mzima anayekufahamu, eleza ulikipataje, hakikisha imeandikwa na umepewa namba ya OB. Ukikipeleka kabla hujatafutwa, hicho ni kitendo ambacho wakili wako anaweza kukisimamia mahakamani. Ukikamatwa nacho kimefungwa gazeti chini ya kitanda, atakuwa na kazi ngumu. Pesa uliyolipa hesabu kwamba imekwenda. Unaweza kumdai aliyekuuzia, ikiwa unaweza kumtaja.