ANAYEOMBA KITI KILA UCHAGUZI: TUMCHEKE AU TUMPIME?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila uchaguzi wa wabunge unapofika hapa Likasi, kuna sura tunazozijua tangu zamani. Mvi zimeongezeka, lakini mtu ni yule yule, ni namba yake tu iliyo mpya. Anapita Kikula, anashuka Panda, anafika mpaka Shituru, anasalimia mama zetu sokoni. Akishapita, vijana wanacheka: "Huyu tena? Hajachoka?" Na sisi watu wazima tunacheka pamoja nao. Leo tujiulize: je, kicheko hicho ni cha haki? Mtu anayeomba kiti mara ya tatu au ya nne amekosa nini?

Usione swali hili ni dogo. Kura ni ushahidi, na kila shahidi ataulizwa.

Kwanza tutazame hesabu. Bunge la taifa kule Kinshasa lina viti 500. Tarehe 30 Julai 2006, tulipopiga kura baada ya miaka zaidi ya 40 bila uchaguzi huru, waliogombea viti hivyo walipita 9,000. Mwaka 2011 wakapita 18,000. Mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 15,000, na mwaka 2023 wakazidi 20,000. Gawanya mwenyewe: kwa kila mmoja anayeingia, makumi wanarudi nyumbani. Tena tangu uchaguzi wa 2018 kuna sharti kwamba orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti hata kimoja, hata kama mtu wake amependwa sana katika mji wake. Basi kushindwa si aibu, wala si dalili kwamba Mungu amemkataa mtu. Ndiyo hali ya wengi.

Lakini msomaji mwenye elimu atauliza: je, dini haikukataza kuomba uongozi? Ni kweli. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, kwa sababu mwenye kupewa kwa kuomba huachwa nao peke yake, na mwenye kupewa bila kuomba husaidiwa. Na Abu Dharr, pamoja na uchamungu wake wote, aliambiwa kwamba yeye ni dhaifu na jambo lile ni amana nzito. Hapo wengine wanafunga kitabu na kusema: anayeomba kiti mara nne amefanya kosa mara nne.

Tusifunge haraka. Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Tofauti iko wapi? Soma sura yake kwa utaratibu. Yusuf hakuomba heshima, aliomba kazi aliyoijua, katika mwaka ambao njaa ilikuwa njiani. Na kabla hajasimama mbele ya mfalme, alikuwa na mashahidi: wafungwa wenzake walikwisha kumwona ni mtu mwema alipokuwa hana cheo wala njia ya kuwalipa. Alijulikana gerezani kwanza, ndipo akajulikana ikulu. Hiki ndicho kipimo ninachokuletea leo. Usihesabu ni mara ngapi mtu ameomba. Tazama alikuwa nani katika miaka ile ambayo hakuna aliyempigia kura.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Kenya. Wangari Maathai hakuwa Muislamu, lakini mfano mwema huchukuliwa popote ulipo. Mwaka 1982 aliacha kazi yake ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa kwa sababu ya uandikishaji wa wapiga kura, na kazi yake hakurudishiwa. Mwaka 1997 akagombea urais na ubunge kwa pamoja, akashindwa kote kuwili. Wangapi walimcheka! Lakini uliza alifanya nini katikati. Tangu mwaka 1977 alikuwa akiwakusanya akina mama wa vijijini wapande miti. Mwaka 1989 alipinga jengo kubwa lililotaka kuimeza bustani ya Uhuru mjini Nairobi, na halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura. Hakuna tendo hata moja kati ya hayo lililongoja kiti. Mwaka 2002 watu wa Tetu wakampa asilimia 98 ya kura. Walikuwa wamekwisha kumwona. Na mwaka 2007 alipokosa kiti kile, miti haikung'oka. Sisi tunaoona pori la kando ya mji wetu likigeuka magunia ya makala, tunajua thamani ya mtu wa namna hiyo.

Kipimo cha pili ni usiku wa matokeo. Hapa tutazame Zanzibar. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad hakuwa akiomba ubunge, aliomba urais wa visiwa vile, lakini mfano wake unatufaa. Aliomba mwaka 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020, na kila mara hakutangazwa mshindi. Mwaka 1995, kwa matokeo rasmi, tofauti haikufika hata asilimia moja. Mwaka 2015 uchaguzi wenyewe ulifutwa. Wafuasi wake waliamini daima kwamba walidhulumiwa. Na damu ilikwisha kumwagika: Januari 2001, katika maandamano ya kuupinga uchaguzi wa 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa na wengine wakakimbilia Kenya kwa mashua. Mtu mwenye uchungu kama huo angeweza kuuwasha moto na akapata wa kumfuata. Lakini mwaka 2010 alikubali kuingia katika serikali ya umoja akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Desemba 2020 akakubali tena, mpaka alipofariki tarehe 17 Februari 2021. Wako waliomlaumu kwa hilo. Mimi nasema: aliyeweza kuweka roho za watu mbele ya kiti alichokitafuta miaka 25, huyo hakuwa mtumwa wa kiti.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme katika avenue yako yuko mzee, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, ambaye amegombea tangu 2006. Mwaka 2023 dhamana peke yake ilikuwa franka 1,600,000, na fedha hiyo hairudi. Je, aliitoa katika ziada yake, au aliuza kiwanja cha watoto? Ikiwa watoto walifukuzwa shule na mama akakosa unga wa bukari ili baba abandike picha, basi kabla ya kuomba amana ya taifa amekwisha kuipoteza amana ya nyumba yake. Tazama pia wale wawili anaowaandika nyuma yake ili wamrithi kiti. Ni watu wa kazi, au ni mke wake na mtoto wake? Kisha uliza: kati ya uchaguzi na uchaguzi, nani alimwona kwenye msiba? Bomba la maji lilipokauka, alifuatana na nani kwenda kulalamika? Ukipata jawabu njema, mpe heshima hata kama kura yako utampa mwingine. Usipopata, kaa naye kwa upole, umwambie kama ndugu: mzee, inatosha.

Na sisi je? Tunamcheka aliyeshindwa mara nne, lakini hatumwulizi aliyeshinda mara moja akahamia Kinshasa asionekane tena. Tunapokea tisheti ya huyu, chumvi ya yule na kitenge cha wa tatu, halafu tunasema wanasiasa ni waongo. Nani aliyewafundisha kwamba kura ni bidhaa? Mgombea asiye na chumvi ya kugawa anashindwa kila mara, na sisi tunakiita kushindwa kwake ujinga. Huenda ni ushahidi juu yetu.

Basi ndugu yangu, uchaguzi utakapokuja tena na sura ile ile ikapita mbele ya mlango wako, zuia kicheko. Mkaribishe kiti, umpe maji, umwulize miaka mitano hii alikuwa wapi. Na akikugeuzia swali hilo hilo, uwe na jibu.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wanaoogopa amana, na utujaalie sisi kuwa mashahidi wa kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.