Mwangwi ni wa Nani?

Apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hufika Soni, penye maporomoko ya maji na milima iliyouzunguka mji. Mtu akipaza sauti bondeni, jabali humrudishia. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo jabali lililo mita 170 mbele yake humjibu baada ya sekunde moja. Hakuna alilaumuye jabali.

Mwangwi wa simu una hukumu nyingine. Tuchukue, kwa mfano tu, dalali wa mboga aliyeko Soni, apigaye simu ofisini kwa mnunuzi Dar es Salaam kutaja bei ya kabichi na karoti. Kila alisemalo lamrudia sikioni. Ataikagua simu yake, atatoka nje kutafuta mtandao, atakata apige tena. Taabu hiyo mara nyingi ni bure, maana mwangwi anaousikia yeye hauzaliwi kwake. Huzaliwa kule anakopiga: spika ya simu iliyo mezani kwa mnunuzi imefunguliwa mno, na maikrofoni iliyo kando yake huidaka sauti ya dalali na kuirejesha Soni. Au huzaliwa katika mtambo wa ofisi ile, pale sauti ivukapo kutoka njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kuingia katika jozi moja ya nyaya za shaba, sehemu yake ikarudi ilikotoka. Naye mnunuzi hasikii kitu. Kwake simu ni safi.

Je, analaumika mtu kwa udhia ambao yeye peke yake hana njia ya kuusikia?

Wapo watakaosema nyani haoni kundule, wakafunga shauri. Lakini methali hiyo humkemea achekaye ya wenziwe, na mnunuzi wetu hakumcheka mtu. Mimi ningemsamehe lau udhia ungeishia hapo. Mwaka 1950 Bernard Lee, wa Marekani, alionyesha kwamba mtu akirudishiwa sauti yake kwa kuchelewa sehemu ndogo tu ya sekunde, ulimi humtatiza: hupunguza mwendo, hurudia silabi, akawa kama mwenye kigugumizi. Dalali basi hugugumia papo hapo anapotaja bei. Mnunuzi husikia kigugumizi, hasikii mwangwi, akajisemea moyoni: huyu hana hakika na bei yake, au kuna jambo analificha. Udhia alioutoa yeye humfikia kwa sura ya upungufu wa mwenziwe, na kwa upungufu huo humhukumu. Hapo ndipo ninapoona lawama imeanza.

Mbona dalali hasemi? Ni adabu. Kumwambia mtu mkubwa, tena mteja, kwamba simu yake ina ila, kwaonekana utovu wa heshima. Sisi watu wa pwani twaijua adabu hiyo, na wa milimani hawakupungukiwa nayo. Basi husemwa "mtandao mbovu", neno lisilomgusa mtu.

Mnunuzi naye ana hoja, tena nzito. Sauti hurudi katika simu nyingi. Zamani, katika nyaya fupi, ilirudi upesi hata ikachanganyika na maneno yenyewe, isitambulikane. Simu za leo zipitazo katika intaneti huikata sauti vipande, vipande vikangojana njiani, na kuchelewa huko ndiko kuufichuako mwangwi. Aweza kusema: chumba changu ni kile kile, umbali ndio uliokitia kosa. Kweli. Ila umbali hauna mkono wa kupunguza spika, naye anao.

Wahandisi walikwisha kulikata shauri hili bila kuliita la maadili. Kifaa cha kufuta mwangwi hukiweka upande ule unaourudisha, karibu na chanzo chake. Ofisi hukinunua na kukitunza, na anayepata raha ni mtu wa mbali.

Mnunuzi na aanze kwa kufunga spika na kuinua mkono wa simu. Mwangwi ukibaki, fundi apige kutoka meza hadi meza, kisha nje: ndani kukiwa safi na nje kukirudisha, ila imo pale mtambo unapokutana na nyaya za nje. Kila hatua itabidi aulize, "Sasa je?" Yeye hatasikia tofauti yoyote, na neno pekee la kulifuata litakuwa la dalali aliyeko Soni.